Yamebaki Madumu Mangapi?

Mazungumzo ya leo yanahusu tangi la maji, na hasa kazi moja ambayo wengi wenye matangi hatuifanyi: kulipima. Tuanzie barabarani, kaskazini mwa Bagamoyo, kwenye njia inayotoka mjini kupita Makurunge na kuvuka Mto Wami kuelekea Saadani. Saadani ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na huko nyika na wanyama wake hushuka hadi kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Miongoni mwa wageni waendao kupiga kambi pande hizo wamo wanaokokota tela nyuma ya gari, tela lenye kitanda, jiko na sinki, na chini ya sakafu yake tangi la maji baridi la lita mia moja au zaidi kidogo. Waendako maji yamejaa hadi upeo wa macho, lakini ni ya chumvi, na mdomo wa mto nao huingiliwa na bahari kila maji yanapojaa. Basi mwenye tela hana budi kujua alichonacho. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo lita mia moja ni sawa na mifuko miwili ya saruji. Akijaza pomoni, ekseli na springi zinaubeba mzigo huo katika kila shimo la barabara. Akijaza nusu, maji yanapigapiga ndani na kuliyumbisha tela kwenye kona. Akijaza kidogo, safari inakatika siku ya pili. Ndiyo maana hupima kabla ya kuondoka, akapima jioni, akapima tena asubuhi. Nami nasema kila nyumba yenye simtanki, yaani tangi la plastiki la maji, iwe Bagamoyo mjini, Zinga, Kerege au Mapinga, ni tela lisilo na magurudumu. Kati ya siku maji yanapotoka bombani na siku yatakapotoka tena, nyumba hiyo iko safarini, na mara nyingi inasafiri bila kujua ina nini.

Mji wa Bagamoyo ulilijua jambo hilo kabla ya bomba na kabla ya plastiki. Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mlango wa njia ya misafara iendayo bara, Unyanyembe na Ujiji. Mpelelezi Burton alianzia safari yake Kaole, jirani na Bagamoyo, mwaka 1857, mpelelezi Stanley akaondoka Bagamoyo mwaka 1871, na wote wawili waliikuta kwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, desturi ya kuvuka nchi isiyo na maji, iliyoitwa tirikeza. Msafara ulipofika mahali ambapo kisima kinachofuata kiko mbali kuliko mwendo wa siku moja, kama ilivyokuwa katika nyika ya Mgunda Mkali kati ya Ugogo na Unyanyembe, haukuondoka alfajiri kama siku nyingine. Watu walikaa kisimani mpaka jua limepinda, wakapika, wakala, wakanywa wakatosheka, wakajaza vibuyu. Ndipo wakaondoka mchana, wakatembea mpaka giza, wakalala pasipo maji, na kesho yake wakaamka mapema ili wafike kwenye maji kabla jua halijawa kali. Ukiitazama vizuri, tirikeza ilikuwa hesabu ya vitu viwili: maji yaliyomo ndani ya kibuyu, na saa za kutembea mpaka maji mengine. Saa ya kupika na saa ya kulala zilibadilishwa ili vitu hivyo viwili vilingane. Hapakuwa na mizani wala saa ya ukutani, lakini kipimo kilikuwapo, na kila mwenye kibuyu mgongoni alikijua kwa uzito aliousikia mabegani.

Sasa tuje kwetu leo. Maji ya bomba ya ukanda huu wa pwani kwa sehemu kubwa yanatoka Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959 na baada ya kupanuliwa una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku. Mtambo wa Ruvu Chini, ulio katika wilaya hii hii ya Bagamoyo, ulijengwa mwaka 1976 na umepanuliwa kutoka lita milioni 180 hadi milioni 270. Jumla yake ni lita milioni 466 kwa siku, za kugawiwa Dar es Salaam, Kibaha, Bagamoyo na maeneo jirani. Lakini huo ni uwezo wa mitambo. Mto una hesabu yake. Mwishoni mwa mwaka 2022, vuli ilipochelewa na Ruvu ikapungua, mgao wa maji ulitangazwa, na mamilioni ya watu wakajikuta wanategemea kile tu kilichokuwa juu ya mnara wa nyumba zao au kwenye mapipa ya uani. Hata pasipo ukame, bomba likipasuka au umeme ukikatika mtamboni, nyumba inarudi kwenye tangi lake. Msafara wa zamani ulijua kibuyu chake na ulijua umbali wa kisima. Nyumba yetu haijui kwa hakika ni siku gani maji yatarudi, na kwa kuwa umbali huo hauko mikononi mwake, kilichobaki ni kukijua kibuyu. Hicho nacho tunakiacha.

Kuna watu kati yetu ambao hawakuiacha hesabu hii hata siku moja, nao ni wale wasio na tangi. Mama anayenunua maji kwa muuza maji wa mkokoteni, au anayejitwisha kutoka kioski, anajua bila kufikiri kwamba dumu ni lita ishirini, kwamba dumu moja linapika na kuosha vyombo, mawili yanaogesha watoto, na kwamba kufua kunataka mengine manne. Ukimwuliza saa kumi jioni yamebaki mangapi, atakuambia idadi kamili. Mwulize jirani yake mwenye simtanki la lita elfu moja, atakuambia "yapo". Nalitilia uzito jambo hili kwa sababu linapindua vile tunavyodhani. Tunadhani tangi ni hatua ya juu na dumu ni hatua ya chini, na kwa upande wa mgongo na shingo za wanawake wetu ni kweli kabisa. Mzigo umepungua, na heri yake ni kubwa. Lakini kwa upande wa maarifa, mwenye tangi amerudi nyuma. Alikuwa na kipimo mkononi akakitupa siku aliyoletewa tangi, kwa sababu tangi jeusi halionyeshi ndani na liko juu ambako jicho halifiki. Habari ya kwanza anayoipata juu ya maji yake ni koki inayokohoa hewa, na habari hiyo inafika siku ambayo haimsaidii tena.

Basi na turudishe dumu ndani ya tangi. Tangi la lita elfu moja ni madumu hamsini. Tuchukue tangi la duara lililosimama, lenye kipenyo cha mita moja na sentimita kumi. Katika tangi hilo kila sentimita moja ya kina ni kama lita tisa na nusu, maana yake sentimita mbili zinakaribia dumu moja. Mti mnyoofu uliowekewa alama kila sentimita mbili ni kipimo tosha. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita arobaini kwa siku, inatumia madumu kumi na mawili. Kwa kawaida tundu la kutolea maji haliko sakafuni kabisa, na sentimita tano za chini hazitoki, basi ondoa madumu mawili na kitu. Yanabaki kama arobaini na nane, ambayo ni siku nne. Sasa tuazime desturi ya misafara. Tuweke alama nyekundu kwenye madumu ishirini na kuiita mstari wa tirikeza. Maji yakishuka hapo, nyumba inabadili mwendo: kufua kunaahirishwa, maji ya kuogea yanakwenda kumwagwa chooni, kila mtu anashuka kwenye lita kumi na tano, kiwango ambacho wahudumu wa dharura duniani hukitumia kuwa cha chini kwa mtu kwa siku. Watu sita kwa kiwango hicho wanatumia madumu manne na nusu. Madumu ishirini, ukitoa yale yasiyotoka, yanawafikisha siku nne nyingine. Familia ile ile ikiendelea na mwendo wake wa kila siku, hayo hayo yanawaishia kwa siku moja na nusu. Zaidi ya siku mbili za maji zimepatikana bila kuongeza hata tone, kwa sababu tu mtu alijua mapema.

Njia za kupima ni nyingi, na kila moja ina uongo wake unaopaswa kufahamika. Kugonga tangi na kusikiliza sauti inapobadilika kunasaidia kwenye chuma kuliko kwenye plastiki nene. Mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, uliounganishwa chini ya tangi na kupandishwa ubavuni hadi juu ya kifuniko, ukiachwa wazi kwa juu, unaonyesha kimo kile kile cha maji yaliyomo. Lakini usomwe koki zote zikiwa zimefungwa, kwani maji yakiwa yanatoka unasoma chini ya ukweli. Tena jua huuotesha ukijani, kwa hiyo ubadilishwe mara kwa mara. Baadhi ya matela ya kisasa yana taa ndogo ukutani: theluthi, theluthi mbili, limejaa. Taa ya theluthi mbili ikiwaka, yamkini kuna theluthi mbili kamili, na yamkini bado dumu moja tu lijae, taa haitofautishi. Tela likiegeshwa pameinama, taa hiyo hiyo inasoma upande mmoja wa tangi na kuusahau mwingine. Na liko kosa moja linalowagharimu watu fedha. Tangi la duara lililolazwa, kama la boza la kuuza maji, halipimwi kama lililosimama. Maji yakifika robo ya kimo chake, hayajafika robo ya ujazo. Yamefika takriban moja ya tano tu, kwa kuwa chini ni pembamba. Anayeuziwa robo ya boza la lita elfu kumi kwa kijiti cha kina anapata kama lita elfu moja mia tisa na hamsini badala ya elfu mbili na mia tano. Hayo ni madumu ishirini na saba aliyoyalipia na hakuyapata, na huenda muuzaji mwenyewe hajui.

Kujaza nako kuna adabu yake, na hapa nitakawia, kwa sababu kipimo cha wingi bila kipimo cha usafi kinatufikisha hospitali. Maji yanaporudi baada ya mgao, ya kwanza huja na kutu na matope yaliyotulia ndani ya mabomba. Yaachwe yamwagikie ndoo za kudekia au shina la mnazi mpaka yatakate, ndipo yaelekezwe tangini. Ncha ya mpira wa kujazia isizamishwe ndani ya maji. Shinikizo la bomba likishuka ghafla, bomba hunyonya, na kilichokuwa kwenye tangi lako kinarudi kwenye bomba la mtaa mzima. Ncha ikae juu ya maji, na hewa ipite kati. Kwa sababu hiyo hiyo mota ya kunyonya moja kwa moja kutoka bomba la mtaa ni hatari, maana penye ufa popote njiani huvuta na tope la mtaro. Tangi liwe na tundu la hewa na bomba la kufurikia, vyote vikiwa na wavu, na boya linalofunga maji lenyewe, lile ambalo mafundi huliita floti, likaguliwe, kwani maji mengi ya pwani huja usiku, na floti mbovu humwaga hadi alfajiri huku watu wamelala. Mwenye kujaza kutoka kisima chake aonje kila mara. Chini ya ardhi yetu maji baridi yanaelea juu ya maji ya bahari, na wataalamu hukadiria kwamba kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na kama mita arobaini chini yake. Ukivuta hiyo moja kwa pupa, chumvi inapanda kutoka chini kwa mita nyingi. Ardhi ya pwani nayo ni tangi, na ulimi ndio mpira wake wa kupimia.

Halafu kuna mbu. Dar es Salaam na pwani yake ilipata milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu anayeibeba, Aedes aegypti, hapendi dimbwi la matope. Anapenda maji safi yaliyokaa, kama yale ya tangi lisilo na kifuniko. Jike hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huweza kungoja miezi pakavu. Siku tangi linapojazwa na maji yakayafunika, yanaanguliwa, na katika joto letu huchukua kama wiki moja hadi siku kumi kuwa mbu kamili. Kwa hiyo tangi linalopanda na kushuka kwa mgao, likiwa wazi, limetengenezewa mbu huyo hasa. Kifuniko kifunge sawasawa, na kila maji yanapofika chini, kuta zisuguliwe kabla ya kujaza upya. Hapo utaona faida nyingine ya kupima: anayejua kimo cha maji anajua pia siku ya kusafisha.

Wapo watakaosema: haya yote ya nini, nunua tangi kubwa zaidi. Mwenye uwezo na anunue, sina ugomvi naye. Lakini tangi la lita elfu tano kwa familia ile ya watu sita ni maji ya siku ishirini. Klorini iliyomo kwenye maji ya bomba haikai siku ishirini chini ya jua letu. Shirika la Afya Duniani linashauri isipungue miligramu 0.2 kwa lita mahali maji yanapofikia mtumiaji, na kiwango hicho hushuka kila siku maji yanapokaa kwenye joto. Maji ya akiba ya muda mrefu ni ya kufulia na kuogea. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Tena lita elfu tano ni tani tano juu ya mnara, na mnara wa matofali uliojengwa kwa ajili ya tani moja haulijui hilo mpaka siku unapopasuka. Na zaidi ya hayo, tangi kubwa lisilopimwa linachelewesha tu siku ya koki kukohoa. Matumizi hupanuka kufuata kile macho yanachodhani kipo.

Pingamizi zito zaidi ni hili, nami naliheshimu: kuhesabu maji kwa madumu si wajibu wa raia, wajibu ni wa serikali na mamlaka ya maji kuyaleta saa ishirini na nne, na kumfundisha mwananchi kubana ni kumzoesha kukosa. Sehemu ya kwanza ni kweli na haina mjadala. Maji ni haki, na ndiyo sababu nchi imeingia kazi kubwa ya Bwawa la Kidunda mkoani Morogoro, ambalo mkataba wake wa ujenzi ulitiwa saini mwaka 2022, na ambalo limepangwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190 za maji ya Ruvu. Lakini tuangalie hilo bwawa ni nini. Ni tangi. Na watakaolisimamia hawataweza kufanya hivyo bila kusoma kina cha mto na kina cha bwawa kila siku. Bila kusoma, wangeachilia maji mengi mwezi Julai na kukosa ya mwezi Oktoba. Taifa haliaibiki kupima. Sehemu ya pili ya pingamizi ndiyo nisiyoikubali. Anayepima hajizoeshi kukosa. Ana ushahidi. Mtaa ambao kaya thelathini zimeandika kwenye daftari tarehe maji yalipotoka, yalitoka saa ngapi na yalijaza madumu mangapi, ukienda kwenye ofisi ya maji unakwenda na jambo linalosomeka. Mtaa usiopima unakwenda na malalamiko, na malalamiko ya mwezi huu yanafanana na ya mwezi uliopita.

Nimeulizwa pia juu ya vipimo vya umeme vinavyotuma habari kwenye simu. Ni vizuri, ila upepo wa chumvi wa pwani unakula nyaya na vichwa vya shaba, na kipimo kilichoharibika mara nyingi huendelea kuonyesha namba. Mwenye nacho akilinganishe na mti wa alama mara moja kwa mwezi.

Mahali ambapo kipimo kinahitajika kuliko kote ni nyumba ya kupanga, yenye vyumba sita au nane vinavyotumia tangi moja la mwenye nyumba. Huko maji yakiisha, kila chumba kinamtazama mwenzake: nani alifua jana, nani ana wageni, nani alichota usiku. Ugomvi huo unaanzia gizani, kwa kuwa tangi liko juu na hakuna aliyeona lilikuwa na kiasi gani. Hapo kinafaa kipimo cha kale cha boya na uzi. Chupa iliyotiwa mchanga kidogo na kufungwa vizuri inaelea ndani ya tangi. Uzi wa nailoni unatoka kwenye tundu dogo la kifuniko, linalouacha uzi upite na mbu asipite, unapita juu ya kigurudumu, na kushuka ukutani hadi uani ukiwa umefungwa jiwe lililo jepesi kuliko chupa hiyo, lisiweze kuinyanyua. Maji yakishuka, jiwe linapanda. Ukutani panachorwa mistari kwa chaki au rangi, kumi, ishirini, thelathini, mpaka hamsini kwa chini, na mstari mwekundu kwenye ishirini. Mtoto anayeenda shule asubuhi anausoma akipita, mama wa chumba cha nyuma anausoma akiwa na beseni la nguo mkononi, na jiwe likiwa limefika kwenye mstari mwekundu, beseni linarudi ndani mpaka maji yatoke.